Balaa kwa Amri ya Serikali

Paukwa. Mkitaka kujibu pakawa, jibuni kwa sauti ya chini, maana nchi tunayokwenda leo kuitikia kabla ya kuruhusiwa ni kosa, na kuchelewa kuitikia ni kosa kubwa zaidi.

Nchi yenyewe iliitwa Shangilieni. Msiitafute kwenye ramani. Siku ramani inachorwa, mchoraji wao alikuwa anapiga makofi na mikono haikupata nafasi. Huko waliishi watu wenye furaha kuliko watu wote duniani, kwa mujibu wa tangazo. Furaha yao ilisimamiwa na Wizara ya Burudani na Nidhamu, chini ya Mheshimiwa Daktari Lukwale, ambaye udaktari wake wa heshima alitunukiwa na chuo alichokizindua mwenyewe asubuhi ya siku hiyo hiyo.

Katiba ya Shangilieni ilitoa uhuru kamili wa maoni. Ili raia wasihangaike kuyatafuta maoni mitaani na pengine kuokota yaliyooza, Wizara iliyatengeneza yenyewe na kuyagawa bure. Kuhusu tamthilia ya taifa, iliyoitwa Chozi la Sebuleni, maoni yaliyogawiwa yalikuwa "nzuri". Mtu akizidiwa na hisia aliruhusiwa kusema "nzuri sana", lakini asizoee.

Tamthilia hiyo ilioneshwa kila siku saa kumi alasiri. Saa kumi ilipofika, mahakama zilisimama, benki zilifungwa, na daktari aliyekwisha kumpasua mtu tumbo aliruhusiwa kuliacha wazi, ilimradi alifunike kitambaa. Mhusika mkuu alikuwa Bi Arafa, mke wa Mheshimiwa Lukwale. Alipataje nafasi hiyo? Kwa usaili wa wazi, ambao tangazo lake lilibandikwa jikoni kwake.

Sasa katika mtaa wa Kwa Mshazari alikuwako msusi mmoja kijana aliyeitwa Sikudhani. Kidato cha nne alimaliza, kwa alama ambazo mama yake aliziita za kutosha na baba yake hakuziita kitu. Alikuwa na saluni ya chumba kimoja, na saluni hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake, ambaye miguu ilikuwa imemgomea tangu masika yaliyopita. Vidole vya Sikudhani vilikuwa vyepesi, lakini vidole sivyo vilivyowajaza watu mle ndani. Ulikuwa mdomo. Wapo wanawake waliokuja kufumua nywele zilizosukwa jana, ili tu wawepo saa kumi runinga inapowashwa na Sikudhani anapoanza.

"Mwangalieni huyo bibi," alisema alasiri moja, kitana mkononi. "Mwanawe wa kwanza anamzidi umri. Wamempaka unga wa ngano kichwani, basi keshakuwa ajuza. Mvua ikinyesha anageuka chapati."

Wanawake wakacheka kwa kujiziba midomo, kwani kucheka penye huzuni ya taifa kulihitaji kibali. Sikudhani akaendelea. Akawaonesha mgonjwa anayeumwa tumbo na bandeji iko kichwani, akasema labda tumbo limepanda. Akawaonesha maskini ambaye hajala tangu juzi, ila kucha kabandika jana. Akawaonesha adui aliyejificha nyuma ya pazia fupi, miguu yote nje, anasikiliza siri ambayo mwenye siri anajisimulia mwenyewe kwa sauti, kama mtu anayetangaza mnada. Na mtu akisikia habari mbaya, kamera ilimrukia usoni mara tatu, ngoma ikilia du, du, du. Kisha ikamrukia mpishi, kisha mlinzi, kisha mbuzi. Sikudhani alisema katika wote hao mbuzi peke yake ndiye aliyeonekana kuelewa hadithi.

Hapo akatokea Bi Arafa mwenyewe, akaanguka kwenye ngazi, akainuka bila wigi kusogea, akaanza kulia. Chozi halikuwepo, leso ilikuwepo. Sikudhani akasimama, kitana kikamtulia mkononi, na neno likamtoka kama kwikwi.

"Huyu mama ni balaa. Anaua."

Alimaanisha nini? Hata mwenyewe baadaye alipojihoji hakupata jibu. Bahati mbaya, kwenye kiti cha kona alikuwa ameketi Bwana Semeni, afisa maoni wa kata, akisubiri piko ikauke kwenye ndevu. Bwana Semeni alikuwa amesinzia raha mustarehe kwa kipindi chote cha chapati na mbuzi. Kwikwi ile ndiyo iliyomwamsha. Akaondoka na ndevu nusu nyeusi nusu nyeupe, bila kuaga.

Kesho yake Sikudhani alikuta mlango wa saluni umepigwa kufuli la serikali, na juu yake karatasi: IMEFUNGWA KWA FURAHA YA UMMA.

*

Baraza la Usuluhishi wa Maoni lilikaa katika ukumbi wenye viti vingi na dirisha moja. Mwenyekiti alikuwa Mzee Ngwembe, jaji mstaafu aliyestaafu mara kadhaa kwa sababu sherehe za kustaafu zilimpendeza. Akamtazama mshtakiwa juu ya miwani.

"Jina lako."

"Sikudhani."

"Hukudhani nini?"

"Hapana, mheshimiwa. Naitwa Sikudhani."

"Binti, kila anayeletwa hapa hakudhani. Mimi nimeuliza jina."

"Ndilo hilo, shikamoo. Na shahidi wenu pale ni Semeni."

"Tuseme nini?" akauliza Mzee Ngwembe, na ikabidi karani amnong'oneze kwa muda mrefu. Hatimaye baraza likaamua kwamba kwa ajili ya usalama wa kumbukumbu, mshtakiwa aitwe Huyu na shahidi aitwe Yule.

Mashtaka yalikuwa mawili. La kwanza, Huyu alimtuhumu mke wa waziri kwa mauaji, tena bila kumtaja marehemu. La pili, Huyu alitangaza balaa hali hana kibali cha Idara ya Maafa, ambayo ndiyo pekee yenye mamlaka ya kutangaza balaa nchini, na huitangaza baada ya kupita ili kuepusha taharuki.

Sikudhani akajitetea kwamba hayo hayakuwa matusi. Kwa vijana wa Shangilieni, alisema, hiyo ndiyo sifa. Wazee wa baraza wakacheka kicheko cha watu waliosoma, kisha wakaagiza aletwe mtaalamu wa lugha ya vijana. Chuoni walikuwepo maprofesa wa lugha hiyo, lakini wote walikuwa na miaka sitini na ushei, kwa hiyo akaitwa dada mmoja aliyekuwa akiuza vocha nje ya ukumbi. Akaapishwa na mwavuli wake.

Dada wa vocha akaeleza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni. Msanii akiwa noma, ni mzuri. Akiwa hatari, ni mzuri zaidi. Kiboko ni mzuri. Balaa ni mzuri mno. Na akiua, hapo hakuna tena, watu wanasimama juu ya viti. Mjumbe mmoja akauliza kwa unyonge kama lugha hiyo ina neno lolote baya ambalo bado linafanya kazi yake ya zamani. Dada akafikiri, akasema labda "njaa".

Mzee Ngwembe akaona amepata upenyo. "Sasa nyinyi, kitu kikiwa hakifai kabisa, mnasemaje?"

"Tunasema 'nzuri'."

"Nzuri?"

"Nzuri tu. Ukitaka kumkata mtu maini kabisa unamwambia anajitahidi. Hilo usimwambie mtu mko wawili njiani, mzee wangu, mtashikana mashati."

Mzee Ngwembe akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Wajumbe mmoja mmoja wakaanza kuelewa, na kadiri walivyoelewa ndivyo walivyozidi kutazama viatu vyao. Maana yake, taifa zima, kwa maelekezo ya Wizara, kwa miaka yote hiyo, lilikuwa linamtukana Bi Arafa kila siku saa kumi alasiri. Na Mheshimiwa Lukwale mwenyewe, kwenye sherehe za uhuru, mbele ya mabalozi, alisimama akasema mke wake anajitahidi.

*

Serikali ya Shangilieni haikuwahi kukosea, na siku zote ilikuwa nyepesi kurekebisha. Kabla ya jua kuzama likatoka tamko. Neno "nzuri" likapigwa marufuku katika mambo yote ya sanaa. Maoni mapya ya raia yakawa "balaa", na kwenye hafla zenye wageni rasmi, "anaua". Mabango yakapanda njiani: TAMTHILIA YETU NI BALAA. Watoto wa shule wakapita barabarani kwa gwaride wakiimba kwamba mke wa waziri ni hatari kwa taifa, walimu wakiwasahihisha waliopunguza sauti.

Matatizo madogo madogo hayakukosekana. Redio ilipotangaza kwamba mafuriko yameleta balaa wilayani, wilaya jirani zikashangilia. Mgonjwa mmoja alimwambia muuguzi hali yake ni hatari, akapongezwa. Lakini Wizara ilisema hizo ni gharama za maendeleo.

Sikudhani je? Akadhani ameachiwa. Hakuachiwa. Baraza liliona kwamba sifa yake ilikuwa sahihi, ila aliitoa kabla haijaruhusiwa, na kutangulia serikali ni aina ya uasi. Adhabu yake ilikuwa moja. Aende kwenye Tamasha la Taifa la Muziki wa Mubashara, akae mstari wa mbele, na Bi Arafa akimaliza kuimba, aseme kwenye kipaza sauti, nchi nzima ikisikia, neno "anaua". Akisema, Mheshimiwa Lukwale atamkabidhi ufunguo wa saluni pale pale. Asiposema, kufuli litaota kutu.

Mama yake alimwita kitandani, akamshika mkono. Unga ulikuwa umebaki wa kukwangua. Alimwambia, "Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Ukunje, useme, urudi na ufunguo."

Sikudhani akasema atasema. Neno lenyewe ni la kwangu, alimwambia mama, nimeanza kulisema kabla yao. Taabu iko wapi?

*

Tamasha la Muziki wa Mubashara lilikuwa la ajabu kwa jambo moja: mubashara yenyewe haikuwepo. Muziki wote ulikaa kwenye kifaa kidogo kilichochomekwa kwenye kompyuta, na kompyuta ilikuwa na askari wawili. Wapiga magitaa walipiga magitaa yasiyo na waya. Mpiga tarumbeta alipiga huku anatafuna karanga. Mwimbaji mmoja alikunywa chupa nzima ya maji, na sauti yake haikukatika hata kidogo. Watu wakasema huyo ni balaa, kama ilivyoagizwa.

Shughuli ilitangazwa kuanza saa nne asubuhi, kwa hiyo watu wenye akili walifika saa nane, na mgeni rasmi alifika saa tisa na nusu. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha na uwanja umekuwa tope. Wakubwa walikuwa kwenye hema lenye makochi ambayo bado yalikuwa na nailoni. Sikudhani, ambaye ndala yake moja ilikuwa imezama na kukataa kurudi, alimwambia mama mmoja wa jirani kwamba sasa ameelewa maana ya tamasha. Ni kuja kusimama kwenye tope kusikiliza kitu ambacho nyumbani ungekisikiliza umekaa, tena ukapunguza sauti. Mama akamwomba anyamaze, kisha akamwomba aseme jingine.

Mshereheshaji naye alikuwa na maradhi ya masikio. Alipouliza kama watu wako tayari, uwanja mzima ulijibu uko tayari, naye akasema hajasikia. Wakarudia. Hajasikia. Kwa muda wa nyimbo mbili mtu yule hakusikia lolote, na hakuna aliyempeleka hospitali. Baadaye zikaja hotuba. Mheshimiwa Lukwale alieleza kwamba sanaa ni kioo cha jamii, na kwamba Wizara imeagiza kioo kipya kutoka nje, kwa kuwa cha zamani kilikuwa kinaonesha vibaya.

Hatimaye akapanda Bi Arafa. Wigi lilikuwa refu hadi kiunoni, gauni linahitaji wasichana wawili kulibeba. Muziki ukaanza, sauti nyororo ya mtu fulani ikamiminika kutoka kwenye spika, na midomo ya Bi Arafa ikaifuata kwa nyuma kidogo, kama mbuzi anayevutwa kamba. Sikudhani akakishika kile kipaza sauti cha betri alichopewa, akakohoa, akajiandaa. Kwenye hema, Mheshimiwa Lukwale alikuwa ameshika ufunguo, anauzungusha kidoleni.

Umeme ukakatika. Naam, Shangilieni umeme haukatiki, hupumzika, basi ukapumzika. Sauti nyororo ikakatwa katikati ya neno. Magitaa yakanyamaza huku vidole vinaendelea. Bi Arafa alibaki mdomo wazi mbele ya nchi nzima, na hakuna kilichotoka.

Mheshimiwa Lukwale akainuka kuamuru makofi. Lakini Bi Arafa alikuwa amefumba mdomo. Aliwatazama watu, kisha akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Akalivua lile wigi, akampa msichana mmoja alishike, akaanza kuimba.

Ulikuwa wimbo wa kumbembeleza mtoto aliyekataa kulala, ule ambao kila ukoo una maneno yake. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, na chini yake mlikuwa na uchovu wa mtu aliyeamka kupika tangu alfajiri. Haikuwa kubwa, kwa hiyo watu wakaacha kutafuna miwa ili waipate. Walio nyuma wakasogea. Mama aliyekuwa kando ya Sikudhani akakaa chini kwenye tope na kanga yake nzima, akapakata mikono kama mtu mwenye mtoto. Kwenye hema, Mheshimiwa Lukwale alimwinamia msaidizi wake akamwuliza nani anayeimba.

Wimbo ukaisha.

Sikudhani akainua kipaza sauti. Macho yote yakamgeukia, na kule hemani ufunguo ukainuliwa juu ili auone vizuri. Neno lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi, neno fupi la kumpa mama yake uji. Akafungua mdomo. Mara akalisikia neno lile lilivyo sasa: kwa sauti ya redio, kwa sauti ya watoto wa gwaride wanaosahihishwa, kwa sauti ya Bwana Semeni akilisoma na kulitafutia nukta. Akalirudisha. Akatafuta jingine. Nzuri lilikuwa tusi, tena lililopigwa marufuku. Noma, hatari, kiboko, yote yamegongwa mhuri. Akapekua hadi kwenye maneno ya bibi yake, hakupata hata moja ambalo angempa yule mama pale jukwaani lisiwe limeshashikwa na mikono michafu. Yeye, Sikudhani, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosa la kusema.

Akashusha kipaza sauti.

Mheshimiwa Lukwale alishuka hemani mwenyewe, viatu na tope. "Sema, binti."

"Nashindwa, mheshimiwa."

"Neno moja hilo. Unashindwaje?"

"Yote mmeshayachukua nyinyi. Sina langu la kumpa."

Hakulisema kwa ujeuri. Alilisema kama mtu aliyepapasa mfuko wake mbele ya mgeni akakuta umetoboka, na kipaza sauti, ambacho alisahau kukizima, kikalipeleka hadi geti la nyuma. Bi Arafa, pale ukingoni mwa jukwaa, alisikia. Mheshimiwa Lukwale akautia ufunguo kwenye mfuko wa koti, akafunga na kifungo.

*

Kesho yake magazeti yote yalitoka na habari moja, kwamba tamasha lilikuwa balaa. Sijui kama mhariri alikuwa anatii au anasema kweli. Mimi ni msimulizi tu.

Kufuli lilibaki. Sikudhani akatoa stuli na mkeka, akaweka barazani mbele ya mlango uliofungwa, akaanza kusukia hapo. Siku ya kwanza alikuja mmoja, naye alikuja kwa huruma. Baadaye wakaja wengine kwa kazi. Bwana Semeni alifika kukagua, akasoma sheria kwa sauti: saluni ni chumba chenye kuta na mlango. Hapa aliona mlango tu. Akasema ataandika kuomba mwongozo, na kwa uso wake ilionekana hana haraka ya kujibiwa. Uji ulipatikana, japo siku za mvua haukupatikana.

Alasiri moja, saa kumi, wakati runinga za majirani zinalia du, du, du, akaja mwanamke kwa miguu, kajitanda kanga hadi machoni. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walimtazama, wakasogeana bila kuambiwa. Akakaa kwenye stuli, akaifungua kanga. Nywele zake mwenyewe zilikuwa fupi, zimechoka, zimekatika pale wigi linapobana.

"Shikamoo, mama," akasema Sikudhani.

"Marahaba, mwanangu. Nisuke twende kilioni."

Huo ni mtindo wa msiba, mistari michache ya harakaharaka, mtu asionekane kajiremba. Sikudhani akampa pole, akauliza nani amefariki.

"Hajafa mtu," akasema Bi Arafa. "Nataka tu kichwa kipate hewa. Wewe suka, ila usinisifu."

Sikudhani akachovya kitana kwenye mafuta, akapasua njia ya kwanza.